Kamba ya Kumvuta Dereva

Nyinyi mliobaki kwenye banda la boti mliniomba niwaandikie habari za kamba kabla sijasahau. Nimekubali. Nilisoma hadi darasa la nane pale Sigor na sikuendelea, kwa hivyo msitarajie maneno makubwa. Mjue pia kwamba juzi tu tumemzika Mzee Okoth, dereva aliyenifundisha kazi hii, na kila nikianza kuandika kuhusu kamba najikuta nimeandika kuhusu yeye. Mtanivumilia.

Watu wa nje hushangaa wakisikia kwamba huku kwetu kuna ski ya maji. Wanatujua kwa chai, mvua na wakimbiaji. Lakini bwawa lilichimbwa ili kiwanda cha chai kipate maji, na mahali penye maji mengi na mameneja wasio na la kufanya Jumamosi, boti hupatikana. Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Mtu hufunga ubao mrefu mguuni, hushika kamba, boti humvuta, naye huteleza juu ya maji. Anayeanza huwa na ubao kila mguu. Aliyezoea hutumia ubao mmoja, miguu yote miwili juu yake, mmoja mbele ya mwingine, na hukata wimbi la boti kutoka upande huu hadi ule na kurudi. Huyo wa ubao mmoja ndiye anayeijaribu kamba kwelikweli, kwa sababu kila akikata wimbi uzito wake wote huangukia mikononi.

Kwenye boti huwa kuna watu wawili. Dereva huangalia mbele. Mwenzake huketi akiangalia nyuma, ili amwambie dereva kama mchezaji ameanguka au ameashiria kitu. Okoth alikuwa dereva. Mimi nilikuwa mtu wa nyuma, na kamba zote zilikuwa mikononi mwangu.

Kabla ya hapo nilikuwa nikifyeka nyasi za klabu. Okoth alikuja akauliza nani kati yetu anajua kuogelea. Wenzangu waliangalia mapanga yao. Mimi niliinua mkono, na ndivyo nilivyoacha nyasi. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, asiyepaza sauti, na kila mtu alimwita omera, yaani ndugu au rafiki, hata meneja mkuu. Siku hiyo ya kwanza alinipa kamba niifunge kwenye nguzo ya chuma iliyo katikati ya boti. Nikafunga fundo tunalofungia ng'ombe nyumbani, lile ambalo fahali akivuta linazidi kukaza. Tukavuta watu asubuhi nzima. Tuliporudi, fundo lilikuwa limekuwa jiwe.

Okoth aliliangalia kwa heshima. "Omera," akaniuliza, "huyu ng'ombe atafunguliwa lini?"

Nililifungua kwa msumari huku yeye akinywa chai. Alipomaliza kikombe alinieleza kwamba fundo huikata kamba polepole, kwa ndani, mahali macho hayafiki. Kamba nzuri ya ski haina fundo popote. Mwisho wake una kitanzi kilichosukwa na kurudishwa ndani ya kamba yenyewe, na kitanzi hicho ndicho huvishwa kwenye nguzo. Mtu akikuletea kamba ambayo mtumiaji wa kwanza aliikata akaiunga kwa fundo, mshukuru na umpe akafungie mbuzi.

Alinifundisha pia kukagua kwa mkono. Alikuwa akiniambia nifumbe macho, kisha anaivuta kamba yote kiganjani mwangu bila haraka. Kamba iliyozeeka ina manyoya. Kamba iliyopigwa jua sana ni kavu na inakwaruza. Mahali palipokatika uzi mmoja unapasikia kabla ya kupaona. Mpaka leo siamini kamba niliyoiangalia tu.

Mkienda kununua, dukani mtaonyeshwa kamba nyingi na zote zinang'aa. Ile nene ya kuvutia maboya wanayopanda watoto inanyumbuka mno; mtu wa ubao mmoja anaegemea, kamba inachelewa kumjibu, kisha inamrusha. Ile nyembamba ya vijana wanaorukaruka hewani hainyumbuki hata kidogo. Kwao ni sawa, lakini kwa anayekata wimbi kila mvuto unaingia moja kwa moja begani. Mnayotafuta iko katikati: plastiki laini iliyosukwa, inayoelea, inayoachia kidogo tu halafu inashika. Rangi iwe kali, maana maji yetu baada ya mvua yana rangi ya chai ya maziwa na kamba ya kijivu haionekani. Ikiwa nzima huwa kama mita ishirini na tatu, na ina vitanzi vya rangi vya kuifupishia. Muuzaji atasifu wingi wa vitanzi. Wachezaji wetu wa Jumamosi si mabingwa. Viwili vinawatosha, vingine ni mahali pa kukwamisha vidole. Mimi nilipenda kuwavuta kwa kitanzi cha kwanza, kamba ikiwa imepungua hadi mita kumi na nane hivi, kwa sababu karibu na boti yetu wimbi ni jembamba na halimpigi mtu magoti.

Kuna aina moja sijaitaja, nayo ndiyo iliyotuumiza. Ni ile nailoni ya kufungia turubai kwenye malori ya majani ya chai. Asubuhi moja kamba yetu nzuri ilikuwa imechoka, nikaikataa, na wageni walikuwa wamekwisha kuvaa. Okoth aliangalia kamba ya lori ikining'inia bandani, akawaangalia wageni. "Leo tu," akasema. Tulifunga kishikio, tukaenda. Mgeni wa tatu alikuwa mtu mnene na mcheshi. Alianguka akikata wimbi, akaachia kishikio kamba ikiwa imevutika kama mpira wa manati. Mimi nilikuwa nikiangalia nyuma, nikakiona kinakuja, nikainama. Okoth alikuwa akiangalia mbele kama dereva anavyopaswa. Kilimpata nyuma ya bega la kulia. Nilisikia mfupa.

Bega lilipona, lakini halikurudi lilivyokuwa. Tangu siku hiyo aliendesha kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukipumzika kwenye paja. Hakumlaumu mtu yeyote. Kamba ile ya lori aliikatakata mwenyewe, akawagawia akina mama vipande vya kuanikia nguo.

Miaka ikapita tukivuta watu. Halafu, zikiwa zimebaki wiki chache astaafu kurudi kwao ziwani, tulikuwa tukikunja kamba jioni akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alisema amevuta watu wote wa kampuni hii na watoto wao, na yeye hajawahi kuvutwa. Zamani wafanyakazi hawakuruhusiwa. Waliporuhusiwa, bega lilikuwa limeharibika. Sasa alitaka, kabla hajaenda, asimame kwenye ubao mmoja na akate lile wimbi, kwenda na kurudi, mara moja tu. Nilitarajia acheke, hakucheka.

Mkewe, Mama Atieno, alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kapsoit na hakuwa mtu wa kuficha maoni. "Baba Atieno," alimwambia mbele yangu, "kama ni maji unataka kunywa, hata jikoni iko maji."

"Si ya kunywa, Mama Atieno."

"Utakunywa tu. Huyu Bett atakuja kuniita nikuchukue umejaa kama mtungi."

Lakini hakumkataza. Aliniuliza pembeni kama bega litaweza, nami nilimjibu ukweli, kwamba sijui, na kwamba itategemea sana kamba.

Kwa hivyo tukachagua. Wanachama wa klabu walituachia kamba zao tuzijaribu, na tulizijaribia kwenye nyasi. Okoth alishika kishikio akaegemea nyuma kama watu wa kuvutana kamba siku ya michezo shuleni, mimi nikashika upande wa pili na kuivuta kwa ghafla, jinsi boti inavyovuta. Watu waliokuwa wakipita na makapu ya majani walisimama kututazama wazee wawili. Ile isiyonyumbuka ilimfanya ang'ate meno. Ile nene ilimyumbisha. Ya tatu ilikuwa laini, ya manjano. Niliivuta, akaniashiria niivute tena.

"Hizo zingine zinaingia bila hodi," alisema. "Hii inabisha mlango kwanza."

Vishikio navyo tulivijaribu. Kile chembamba sana kinachosha vidole, na kinene mno kinateleza. Unataka kinachojaa mkono bila kuushinda, na mpira wake usiwe umepasuka. Kwa mtu wa ubao mmoja anayeanza ndani ya maji, nachagua kile ambacho kamba zake mbili ni ndefu kabla ya kukutana, ili ncha ya ubao ikae katikati yake na isiponyoke kwenda upande. Okoth alijua hayo yote kwa kuangalia watu. Mikono yake haikuyajua.

Tukaagiza ya namna hiyohiyo kutoka Nairobi, yake mwenyewe, ikafika siku mbili kabla ya siku yake ya mwisho kazini. Kamba mpya huwa ngumu. Unaiburuta kwanza nyuma ya boti bila mtu, ilowe na kutoa ule mvutiko wa kwanza. Nilifanya hivyo mchana, nikaitundika barazani ikauke, kisha mvua ya saa nane ikaja kama inavyokuja, nami nikaenda kuifunika boti.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo nyinyi mnalijua lakini msomaji wa kwingine hawezi kulijua. Kwetu kitu kikilowa kwa mvua hakianikwi nje. Kinapelekwa kwenye boila ya kiwanda. Makoti ya mvua ya wachumaji, buti, sare za watoto wa shule, hata godoro nimewahi kuliona pale. Kirui wa boila ni mtu mwema. Alipita akikusanya makoti, akaona kamba ya Mzee inalowa, akaibeba. Aliitundika kwenye bomba la mvuke, mahali pazuri kuliko pote, akaiacha mpaka asubuhi.

Asubuhi aliileta mwenyewe akitabasamu. Nilijua kabla sijaishika. Kila mzunguko wa kamba ulikuwa na alama inayong'aa mahali ulipogusa bomba, na nilipoikunja pale ilitoa sauti kama kuni ndogo. Plastiki ile haiwezi joto. Kirui alitazama uso wangu na tabasamu likamwisha.

Okoth alikuwa amekwisha kuvaa jaketi la kuelea. Mama Atieno alikuwa ukingoni na leso mpya, na wafanyakazi wa klabu walikuwa wamekuja kuona. Nilimwonyesha Okoth kamba. Aliipitisha kiganjani kama alivyonifundisha, akajua, na bado akasema.

"Leo tu, Bett."

"Hapana, Mzee."

"Ni mara moja. Kwenda na kurudi. Keshokutwa lori linabeba vyombo vyangu."

Nilimwambia haitavumilia, itakatika pale tu atakapoegemea. Zile kamba nyingine zilikuwa zimerudi kwa wenyewe na klabu ilikuwa na ile isiyonyumbuka peke yake. Akasema basi ataitumia hiyo. Nikamwambia hiyo nayo haitatumika, kwa sababu zaidi yake anayejua kuendesha ni mimi peke yangu, na mimi siendeshi.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "hujawahi kuniambia hapana."

"Nakuambia sasa."

Alivua jaketi, akalitundika mahali pake, akaondoka bila kuniangalia. Mama Atieno alimfuata. Keshokutwa lori lilipakia vyombo na nilikwenda kusaidia, naye alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mpita njia. Mkono alinipa ule wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika redio. Nilirudi bandani nikakunja kamba zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

Mtaniuliza kama nilijuta. Sikujuta kusema hapana. Niliumia. Hayo ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa na moja bila lingine.

Kirui ndiye hakupata amani. Kila wiki alikuja kuniuliza kama klabu imeagiza kamba nyingine. Ilipofika hatimaye, niliilowesha, niliiburuta, nikaikaushia nyumbani kwangu darini, ikimdondokea mke wangu kitandani. Alisema amewahi kuishi na ndama ndani ya nyumba na ndama alikuwa na adabu zaidi. Kisha nikapiga simu ziwani. Alipokea Mama Atieno.

"Hataki stori ya maji," akaniambia.

"Mwambie kamba imekuja. Mwambie haijaenda boila."

Nilisikia akimwambia kwa lugha yao. Halafu Okoth mwenyewe akachukua simu. Hakunisalimia. Aliuliza kishikio ni cha namna gani. Nilimwambia. Akauliza ni nani ataendesha. Nikamwambia mimi. Akasema watakuja Jumamosi.

Huku kwetu maji hutulia asubuhi, kabla ya upepo na mvua. Tuliingia mapema. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika usukani, kiti changu cha kuangalia nyuma kilibaki wazi, na Mama Atieno alisema hakuna mtu mwingine atakayekikalia. Alikaa akishikilia ukingo kwa mikono miwili. Nilimfundisha maneno matatu ya kuniambia: ameanguka, ameinua mkono, amesimama. Alisema hiyo kazi ni rahisi, anashangaa nililipwa.

Okoth aliwahi kuwaambia mamia ya watu waweke magoti kifuani, wanyooshe mikono na waiache boti iwatoe. Majini alisahau yote. Mara ya kwanza alijivuta kwa mikono, akaanguka. "Ameanguka," akasema Mama Atieno, bila haja. Mara ya pili ubao ulikwenda kando. Tulipomzungukia nilimwona ameshika bega, midomo imebadilika rangi.

"Inatosha sasa, Baba Atieno," mkewe alimwambia.

Aliniangalia mimi. Nilimuuliza bega likoje, akasema linauma kama jana, si zaidi. Okoth hakuwa mwongo, nami nilimwamini. Nikamwambia aache kupigana na kamba, aiache ibishe hodi. Akainua mkono.

Niliongeza mwendo taratibu. Dereva haangalii nyuma, na kioo cha boti yetu kilivunjika siku nyingi, kwa hivyo sikuona kitu. Lakini niliisikia nguzo. Mtu akiburutwa, nguzo hulia na boti huwa nzito kama imekwama matopeni. Ilikuwa nzito hivyo, ikaendelea kuwa nzito, halafu ule uzito ukainuka na boti ikakimbia.

"Mama, amesimama?"

Nikauliza tena.

"Mama Atieno. Amesimama?"

"Endesha," akasema. "Usigeuke. Wewe endesha tu."

Nikaendesha nikiuelekea ukuta wa bwawa. Kisha nikahisi mkia wa boti unavutwa kulia, kwa nguvu, na kamba ikaachia kidogo halafu ikashika, na nikajua amekata wimbi. Alikaa huko muda. Nilianza kudhani hatarudi. Halafu mkia ukavutwa kushoto, na nguzo ikalia ule mlio mfupi wa mtu anayeegemea kwelikweli, akawa amerudi. Mara moja. Baada ya hapo boti ikawa nyepesi ghafla.

"Ameanguka?" nikauliza.

"Ameachia," akasema. "Ameachia mwenyewe."

Tulimkuta akielea chali, ubao umesimama kando yake. Alikataa kutoka majini kwa muda. Alisema ameendesha boti ile nusu ya maisha yake na hakuwahi kujua kwamba ikionekana kutoka nyuma ni kitu kizuri hivyo. Mama Atieno alimwambia atoke kabla samaki hawajamzoea. Kirui, aliyekuwa amesimama ukingoni tangu alfajiri, alikwenda zake kiwandani.

Ugonjwa ulimpata Okoth baadaye, nao haukuhusiana na bega wala maji. Nilikwenda kwenye mazishi pamoja na Kirui. Waliniomba niseme machache kama mwenzake wa kazini, nikasema alinifundisha kamba, nikaketi. Jioni watu wakiondoka, Mama Atieno alikuja akakaa karibu nami. Aliniuliza kama siku ile nilimwona akikata lile wimbi. Nilimwambia ukweli, kwamba sikumwona hata kidogo, nilimsikia kwa kamba tu.

"Basi mimi nilimwona," akasema. "Watu wengine huangalia maji, si ndiyo? Yeye hakuangalia maji. Kwenda na kurudi, alikuwa anaangalia mgongo wako."